UZI: Fleti kwenye mteremko chini ya kreta ya Menengai, ploti inashuka mita 9 na kila sebule inataka ziwa na Mau

Mteremko_Nax

Wadau wa ujenzi, tuchambue hii kazi pamoja. Ploti ni karibu robo ekari, mita 30 kwa 30, upande wa juu wa Milimani hapa Nakuru. Barabara inapita juu, kaskazini. Kutoka ukingo wa barabara hadi mpaka wa chini ardhi inashuka mita 9. Mbele, kusini, kuna mji, halafu Ziwa Nakuru, na nyuma yake milima ya Mau inayozunguka kuelekea magharibi. Mwinuko tuchukue mita 1,950 juu ya usawa wa bahari.

Mwenye ploti anataka nyumba za chumba kimoja na vyumba viwili vya kulala. Mchoro wa kwanza alioletewa ni wa ploti tambarare: kata kilima chote kiwe sawa, simamisha jengo chini kule, mbele vioo kutoka sakafuni hadi darini. Mngeanzia wapi?

Kontua

Ningeanza na mkato wa jengo, yaani mchoro wa jengo likiwa limepasuliwa kutoka juu hadi chini, kabla ya kugusa ramani ya sakafu. Kwenye ploti ya mteremko, mkato ndio unaoamua bei.

Barabara iite 0.00. Acha mita 6 kutoka barabarani (kaunti itathibitisha kipimo cha kuachia), kisha weka jengo la kina cha mita 12 na urefu wa mita 24, lilale sambamba na kontua (mistari ya ardhi yenye kimo kimoja). Ardhi inashuka sentimita 30 kwa kila mita, kwa hiyo nyuma ya jengo iko −1.8 na mbele yake −5.4. Ghorofa zikiwa za mita 3 unapata sakafu mbili chini ya barabara (−3 na −6), moja usawa wa barabara, na tatu juu (+3, +6, +9). Sita jumla.

Faida ya kwanza ni ngazi. Mtu anaingia katikati ya jengo. Ghorofa moja ni vidato 18 vya milimita 167. Wa juu kabisa anapanda 54, wa chini kabisa anashuka 36. Jengo hilo hilo ukiliingilia chini, wa juu anapanda 90 na mtungi wa gesi begani.

Faida ya pili ni udongo. Ukikata yote hadi −6, unachimba wastani wa mita 2.4 kwenye eneo la 12 kwa 24, yaani mita kyubu 690 hivi. Lakini ukiifanya sakafu ya −6 iwe na kina cha mita 8 tu upande wa mbele, na mita 4 za nyuma uzikomeshe kwenye −3, uchimbaji unashuka hadi kama 405. Hiyo tofauti ya 285, udongo ukishafumuka kwa robo, ni tripu 36 za tipa la mita kyubu 10. Na badala ya ukuta mmoja wa kuzuia udongo wa mita 4.2 unakuwa na miwili: wa mita 1.2 nyuma na wa mita 3 katikati.

KijanaWaSection58

Kwa hiyo lifti hatuhitaji?

Kontua

Usiseme hivyo mbele ya mkaguzi. Muulize kwanza anahesabu ghorofa kuanzia wapi, maana akianza na −6 hesabu inakuwa nyingine. Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za 2024 zisomwe pamoja na sheria ya watu wenye ulemavu. Kwa vyovyote vile acha tundu la lifti kando ya ngazi tangu siku ya kwanza. Nyumba za usawa wa barabara ziwe zile ambazo kiti cha magurudumu kinaingia bila kidato hata kimoja.

Injinia_Ukuta

Kontua, mkato wako mzuri, ila kabla haujasifiwa sana niongeze uzito kidogo.

Kwanza udongo. Huku tuko juu ya majivu ya volkano na pumisi, vile vijiwe vyepesi vinavyoelea majini. Ukikata kiangazi unasimama wima kama ukuta, na kila mtu saiti anaamini ni imara. Maji yakiingia unaachana na kumwagika wote kwa mpigo. Isitoshe, mji huu una historia ya ardhi kufunguka nyufa baada ya mvua kubwa, hasa upande wa magharibi, kwa kuwa mipasuko ya Bonde la Ufa inapita chini na maji yanahamisha majivu kupitia humo. Chimba mashimo ya majaribio yasiyopungua matatu: juu, katikati na chini ya ploti, kila moja lifike mita 2 au zaidi chini ya kina cha msingi wa mahali pale. Ukikuta tabaka la majivu laini kati ya tabaka mbili ngumu, pedi (vitako vya zege chini ya nguzo) zishushwe zilivuke.

Pili, nguzo. Umeweka ukuta wa mita 3 katikati ya jengo, na nguzo za nyuma zimekaa juu yake kwenye ngazi ya −3. Zikiwa mita 4 nyuma ya ukuta na pedi ya mita 1.8, ukingo wa pedi uko mita 3.1 kutoka ukutani. Chora mstari wa nyuzi 45 kutoka kitako cha ukuta: unatokea juu mita 3 kutoka ukutani. Umepona kwa sentimita 10! Kwenye pumisi mimi sikubali sentimita 10. Jaza zege hafifu, ya saruji kidogo, chini ya pedi hizo hadi mstari uwe mlalo zaidi, mita 1 kwenda chini kwa kila mita 2 za usawa, ama sanifu ukuta ukijua unabeba uzito wa ghorofa. Safu ya katikati iende moja kwa moja hadi −6 na kuingia kwenye msingi wa ukuta.

Tatu, maji, na hapa ndipo kuta nyingi zinapoangukia. Chukua ukuta wa mita 3, udongo wa kilonyutoni 16 kwa mita kyubu, pembe ya msuguano nyuzi 30. Udongo mkavu unausukuma kwa karibu kilonyutoni 24 kwa kila mita ya urefu. Maji yakijaa nyuma hadi juu, unasukumwa kwa 56. Zaidi ya mara mbili, na udongo ni ule ule. Kwa hiyo nyuma ya ukuta weka:
- kokoto safi upana wa milimita 300 kutoka chini hadi nusu mita kabla ya juu, zikitenganishwa na udongo kwa kitambaa cha kuchuja;
- paipu yenye matundu ya milimita 150 kwenye kisigino, mteremko wa 1 kwa 100, yenye mahali pa kuizibulia kila kona;
- matundu ya kutolea maji ya milimita 75 kila mita 1.5, safu ya chini ikiwa juu kidogo ya ardhi ya mbele.

Kitako cha ukuta kiwe kati ya nusu na theluthi mbili ya urefu wake. Mtu akikupa ukuta wa mita 3 wenye kitako cha mita 1, muulize unasimama kwa imani gani.

FomeniBahati

Injinia amesema yote isipokuwa utaratibu wa kuchimba. Mtaro wa kukinga maji ya juu unachimbwa KABLA mashine haijafika. Uzunguke upande wa barabara na ubavu mmoja, utoe maji kwenye mfereji wa kaunti na si kwa jirani.

Halafu usifungue uso wote wa mita 24 kwa siku moja. Gawa vipande vya mita 4, chimba cha kwanza, ruka cha pili, chimba cha tatu. Jenga ukuta kwenye vile vilivyofunguliwa, ukishashika ndio unarudia vilivyorukwa. Vyuma vya mlalo viachwe vimechomoza vya kutosha kuungana na kipande jirani. Mshono wa zege uchokolewe ukiwa mbichi, usiachwe laini.

Makosa ninayoonya mafundi kila mara: matundu kuzibwa na zege wakati wa kumimina (ingiza paipu, ziba midomo yote miwili kwa karatasi ya saruji, toa baadaye), na kujaza nyuma kwa kifusi cha saiti, yaani mifuko, mbao na udongo uliotoka shimoni. Kujaza ni kwa tabaka za milimita 150 hadi 200, na karibu na ukuta tumia kompakta ndogo ya mkono. Rola nzito ikipita mita moja kutoka ukutani inausukuma kuliko mvua.

Kazi ya msingi ilenge Desemba hadi Februari. Masika ya Machi yakukute kuta zimesimama na paipu zinafanya kazi.

Mama_Roshani

Naona wanaume wamezama kwenye udongo, na ploti ilinunuliwa kwa ajili ya macho. Tuyahesabie na macho.

Ploti iko 1,950, ziwa liko karibu 1,755. Umbali hadi maji tuseme kilomita 6. Hiyo ni pembe isiyofika nyuzi 2 chini ya usawa wa jicho. Upande wa Mau, chukua ukingo wa mita 2,900 umbali wa kilomita 30: nyuzi 2 hivi juu ya usawa wa jicho. Kwa hiyo kila kitu mwenye ploti anachokililia kiko ndani ya utepe wa nyuzi 4. Mtu akikaa kwenye kochi mita 3 kutoka dirishani, macho yakiwa mita 1.2 kutoka sakafuni, ziwa na Mau yote yanapita kwenye kioo cha urefu wa sentimita 21. Sentimita ishirini na moja!

Vioo vya sakafuni hadi darini vinakununulia nini basi? Juu, mwanga wa anga unaofanya watu wafunge mapazia saa nne asubuhi. Chini, paa la jirani na tangi lake. Utepe huu ni mrefu kwa upana, kwa hiyo lipia upana. Dirisha la sebule liwe na upana wa mita 3 au zaidi, kizingiti cha chini milimita 600, cha juu mita 2.1, na nguzo isisimame katikati yake. Fremu ya mlalo isikatize kati ya mita 1.0 na 1.7, kwa sababu aliyekaa anatazamia 1.2 na aliyesimama 1.6. Mafundi wa alumini wanapenda kuweka kipande cha mlalo mita 1.1 hivi ili wapunguze ukubwa wa kioo. Hapo wanapiga mstari juu ya ziwa lote.

Na usiku wa Julai hapa unashuka hadi karibu nyuzi joto 10. Kioo cha ukuta mzima ni friji.

Mteremko_Nax

Dada, hesabu hiyo naipeleka ilivyo. Lakini mwenye ploti anataka jengo lizungushwe nyuzi 45 lielekee kusini-magharibi, aione Mau uso kwa uso.

Mama_Roshani

Asithubutu. Tuko kusini kidogo tu mwa ikweta, nyuzi 0.3. Ukuta unaotazama kusini ndio ukuta mpole kuliko yote. Juni jua liko kaskazini, halimgusi. Desemba adhuhuri jua liko nyuzi 67 juu upande wa kusini, na roshani ya juu yako yenye kina cha mita 1.5 inafunika hadi mita 3.5 kwenda chini. Dirisha lote kivulini.

Shida ni alasiri. Nakuru jua linafika katikati yapata saa sita na nusu mchana, kwa hiyo saa kumi na nusu jioni Desemba linabaki nyuzi 27 tu juu, likitokea magharibi-kusini. Kwenye ukuta wa kusini linapiga kwa ubavu: ukuta wa kutenganisha roshani wenye kina cha mita 1.5 unafunika karibu mita 3 za upana. Zungusha jengo nyuzi 45 na jua hilo hilo linaingia karibu moja kwa moja kwenye kioo hadi ukutani kwa nyuma. Hakuna roshani itakayolizuia. Utaanza kuuza mapazia.

Jengo libaki kusini. Mau itaonekana kwa kugeuza shingo kidogo kulia, na kwa wale wa nyumba ya kona weka dirisha dogo la magharibi, upana wa milimita 600, lililozamishwa ndani ya ukuta wa mawe.

KijanaWaSection58

Magari je? Nyumba kama 16 na sijaona hata parking moja.

Kontua

Swali zuri. Rampu ya kushuka hadi −6 kwa mteremko wa 1 kwa 8 inataka mita 48. Ploti ni 30. Chini hakuna gari.

Magari yakae usawa wa barabara, lakini nyuma. Zile mita 6 kati ya barabara na jengo ziwe slabu iliyoning'inia, ndiyo njia ya kuzungusha gari. Mita 5 za nyuma za ghorofa ya 0.00 ziwe maegesho ya mita 2.5 kila moja: ukitoa ngazi na lifti unapata nane. Mita 7 za mbele zilizobaki ni nyumba tatu za chumba kimoja, mita 8 kwa 7, zenye ziwa lote. Kati ya magari na nyumba weka ukuta wa mawe wa milimita 200 bila tundu, kwa moto na kwa moshi. Kama kaunti inadai gari moja kwa kila nyumba, idadi ya nyumba ndiyo itakayopungua. Afadhali ijulikane sasa.

Ghorofa za +3 hadi +9 zipate nyumba tatu za vyumba viwili kila moja, upana wa mita 8: sebule mita 4.4 na chumba kikubwa mita 3.4 zikitazama ziwa, jikoni, bafu na chumba cha pili nyuma upande wa ukumbi wa nje. Upepo unaingia mbele na kutoka nyuma. Jikoni mbele ni anasa ya magazeti, hapa moshi wa chapati utakaa sebuleni.

Slabu hiyo ya magari inamaanisha nyuma ya −3 ni giza. Mita 4 za nyuma si za watu. Weka hapo matangi, pampu na stoo za wapangaji. Nyumba za −3 na −6 zibaki na kina cha mita 7 hadi 8, hewa kutoka upande mmoja tu, na hapo kwa dari ya mita 2.7 hewa inafika kama mita 6.75 kwenda ndani. Bafu likae kwenye zile sentimita zinazozidi, na hewa yake ipande kwa tundu linalotokea juu ya paa.

Injinia_Ukuta

Matangi nyuma ya −3, sawa, lakini SI juu ya udongo. Hapo ni mgongoni mwa ukuta wa mita 3. Watu 64 kwa lita 100 kwa siku mbili ni lita 12,800, tani karibu 13, na siku tangi linapovuja linafanya ile hesabu yangu ya 56. Matangi yakae kwenye slabu inayobebwa na nguzo, chini yake pawe na nafasi ya mtu kuinama na kukagua, na maji ya kufurika yaende kwa paipu hadi nje panapoonekana.

Hizo ghorofa za mteremko zina jambo jingine ambalo watu huku hulisahau kwa sababu halitokei kila mwaka. Tarehe 6 Januari 1928 tetemeko la ukubwa wa 6.9 lilipiga Subukia, hapo tu kaskazini. Kwenye jengo la mteremko nguzo za upande wa juu ni fupi na za chini ni ndefu. Nguzo ya mita 1.5 ni ngumu mara nane kuliko ya mita 3 ya vipimo vile vile, kwa hiyo jengo likisukumwa kwa ubavu, hiyo fupi inabeba karibu kila kitu na inakatika kwanza. Tiba ni hizi: kuta za zege kwenye ngazi na lifti, na nyingine upande wa pili wa jengo ili lisijipinde, boriti za kuunganisha pedi pande zote mbili, ringi za nguzo kila milimita 100 karibu na maungio, ncha zake zikunjwe nyuzi 135 na kuingia ndani ya zege. Zile za nyuzi 90 hufunguka.

Na maegesho ya 0.00 yasiwe ghorofa ya nguzo tupu. Ukuta wa mawe aliousema Kontua hautoshi peke yake. Kuta za zege zishuke bila kukatika kutoka paa hadi msingi.

BombaNaMaji

Hakuna aliyeuliza maji taka yanakwenda wapi. Kama bomba kuu liko kwenye barabara ya juu, pata kina chake kutoka kwa kampuni ya maji kabla ya kuchora lolote. Likiwa mita 2 chini ya barabara, vyoo vya −3 na −6 haviwezi kulifikia kwa mteremko. Njia mbili: shimo la kupokelea lenye pampu mbili (moja ya akiba) na jenereta, ama kuomba njia kwa jirani wa chini uungane na bomba la barabara yake. Njia ya jirani iandikwe na kusajiliwa, neno la mdomo linaisha akiuza. Ghorofa za 0.00 kwenda juu ziwe na bomba lao tofauti linaloenda juu, ili pampu ikifa wasiwamwagie wa chini.

Shimo la kunyonya maji kwenye mteremko huu wa majivu, hapana. Unalowesha ardhi inayobeba jengo lako na la jirani.

Paa la mita mraba 288: mvua ya milimita 50 kwa saa inaleta mita kyubu 14. Paipu nne za milimita 100, na zisiishie kwenye bustani. Kinga hayo maji. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floridi nyingi, ya mvua hayana, kwa hiyo tangi la kunywea lijitegemee.

Shamba_la_Chini

Naona mnahesabu ziwa kana kwamba ploti ya chini itabaki na mahindi milele.

Mama_Roshani

Tuihesabu basi. Mpaka wa chini uko −9. Jirani akiacha mita 6, ardhi yake hapo ni −10.8. Akijenga nyumba ya ghorofa moja juu yenye paa la mita 8.5, kilele kiko −2.3. Aliyekaa kwenye ghorofa ya −3 macho yako −1.8, na mstari wa ziwa ukifika pale umeshuka hadi −2.5. Anaona maji kwa kukwaruza mabati. Jirani akijenga fleti za ghorofa tano na tangi juu, kilele ni +6.2. Hapo +6 na +9 ndizo zenye ziwa, +3 inaona matangi, na chini yake ukuta.

Mandhari hayamo kwenye hati yako. Unaweza kukubaliana na jirani kuhusu urefu na makubaliano yakasajiliwa kwenye ardhi yake, kwa malipo, na huenda ndiyo pesa bora kuliko zote kwenye mradi huu. Akikataa, kodi ya −6 isipangwe kwa ziwa. Nyumba hizo zipewe bustani: kuna mita 12 mbele yake. Tandaza matuta mawili, panda nyasi za vetiva kwenye kingo, na mikaratusi isikaribie ukuta.

Mteremko_Nax

La mwisho kwangu. Roshani ya mita 1.5, ukuta wa zege wa mita 1.1 mbele au vyuma?

Mama_Roshani

Vyuma vya wima, nafasi isizidi milimita 100 ili kichwa cha mtoto kisipite, na visiwe vya mlalo maana watoto wanavipanda kama ngazi. Lakini hata vyuma vina mtego. Aliyekaa kwenye kochi yuko mita 4.5 kutoka ukingo wa roshani. Mstari wake wa ziwa unapita ukingoni kwa urefu wa mita 1.05 kutoka sakafu. Kishikio cha juu kiko 1.1, na kikiwa na unene wa milimita 50 kinashuka hadi 1.05. Kimekaa juu ya maji yenyewe.

Shusha sakafu ya roshani milimita 150 chini ya sebule. Kishikio kinabaki mita 1.1 kwa anayesimama nje, lakini kwa aliye ndani kimeshuka hadi 0.95, na ziwa linapita juu yake. Kidato hicho hicho kinazuia maji ya mvua yasiingie sebuleni. Nyumba za 0.00 zibaki bila kidato kwa ajili ya magurudumu. Hizo ziwekee mfereji wenye wavu mlangoni.

Na nguo. Usipotoa mahali pa kuanika, roshani ndiyo itakayoanikwa. Weka kamba nyuma kwenye ukumbi wa nje, au juu ya paa upande wa kaskazini.

FomeniBahati

Roshani ya kushushwa inaleta shida ya vyuma. Vile vya juu haviwezi kupita sawa kutoka slabu ya ndani, kuna kidato katikati.

Injinia_Ukuta

Ndiyo maana kidato kikae juu ya boriti, kina chake milimita 450. Vyuma vya juu vya roshani viingie ndani ya boriti na kukunjwa chini, vya slabu ya ndani vifanye hivyo kutoka upande wao, na boriti isanifiwe kustahimili kusokotwa. Ama ongeza unene wa slabu ya ndani kwenye mita 2.25 za mwanzo, vyuma vya roshani viendelee humo chini ya sakafu, mara moja na nusu ya urefu uliochomoza. Hii ya pili naiamini zaidi.

Vyovyote, chuma kikuu cha roshani kiko JUU. Weka vikalio vya kushikilia chuma kila milimita 600 na ubao wa kupitia wenye toroli, kwa sababu wakikanyaga chuma kikashuka sentimita 4 kwenye slabu ya 15, roshani inapoteza karibu theluthi ya nguvu na hakuna anayeiona hadi siku mbao zinapotolewa. Mbao zikae siku 28, zitolewe kuanzia ncha ya nje kuja ndani. Chini ya ukingo acha kijifereji cha milimita 10 cha kudondoshea maji, la sivyo yatarudi kwa chini hadi kwenye dari ya jirani.

FomeniBahati

Kijifereji weka ubao mwembamba kwenye fomu kabla ya kumimina. Kikichongwa baadaye kwa grainda kinakaribia chuma na kutu inaanza hapo.